Mkia Uliobaki Kwenye Jina la Mama Bukuru

Makere, Kasulu
Ijumaa jioni, Septemba 2015

Jeneroza mwanangu,

Miezi kumi na moja imekwisha tangu nilipotoka nyumbani na begi mgongoni nikasema naenda kutafuta kibarua. Wewe ulikuwa uani unachambua maharage. Hukuinua kichwa. Sikukulaumu siku ile, na leo sikulaumu hata kidogo.

Kesho unaondoka hapo nyumbani Kumsenga. Mama yako ameniambia kwa simu kwamba utalala kwa shangazi yako Kibondo mjini, na keshokutwa alfajiri utapanda basi la kwenda chuoni Dodoma. Basi hilo linapandisha Nyakanazi, halipiti huku, kwa hiyo siwezi hata kusimama kando ya barabara nikakupungia mkono. Dereva wa lori linalokuja kupakia matofali amekubali kuiacha barua hii kwa shangazi. Naandika nimekaa juu ya rundo la kuni mbele ya tanuru. Mikono yangu ina udongo, kwa hiyo madoa utanisamehe.

Usitafute humu habari za kuchemsha maji, wala za kushona nauli kwenye upindo wa gauni, wala za wanaume wa mjini. Hayo mama yako ameshakuambia na atayarudia mpaka mlangoni pa gari. Mimi nataka kukuandikia habari ya ile orodha ya mbegu ya muhogo. Unaijua. Lakini unaijua kutoka upande wako wa meza, na mimi upande wangu sijawahi kuusema, si kwako, si kwa mama yako, si kwa padri.

Unakumbuka jinsi shamba la mbegu lilivyoanza. Muhogo wetu ulikuwa unaoza ndani, unachimba mzizi mzuri, ukiukata unakuta mistari ya kahawia kama kuni iliyoliwa na wadudu. Bwana shamba, yule kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe, akaleta pingili chache za aina isiyougua. Tukakubaliana: tuzipande pamoja, tupalilie pamoja, zikikomaa tuzikate tugawane kabla ya mvua. Anayefanya kazi ndiye anayepata. Mimi nikachaguliwa msimamizi, mimi niliyeishia darasa la tano, kwa sababu ninajua kupima mistari ya shamba kwa kamba na kwa sababu nina sauti kubwa.

Orodha zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya waliojiandikisha, ambayo bwana shamba aliiandika kwenye kompyuta yake. Ya pili ni ya waliofika kufanya kazi. Hiyo niliishika mimi kwa penseli, wewe ukaichapa pale kwenye steshenari ya Kibondo ulipokuwa umeajiriwa. Aliyetokea kwenye orodha zote mbili ndiye apewe pingili. Bwana shamba alitaka kuzilinganisha kwa macho, wewe ukamwambia, "Niachie, kaka. Nitaiandikia programu, itamaliza kabla chai yako haijapoa." Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilijisikia mrefu siku hiyo kama mti wa simu.

Halafu nikakuongezea kazi. Mjomba wako Gwasa na watu wengine wachache wa upande wetu hawakuwepo siku ya kujiandikisha, walikuwa kwenye harusi Rungwe Mpya. Kazi ya shamba waliifanya, hawakuwa wezi. Bwana shamba akaruhusu waongezwe. Nikakusomea majina yao, ukayachapa mwenyewe chini kabisa ya orodha yake.

Sasa hapa ndipo panaponiuma.

Siku ya kugawa nilikuja dukani asubuhi kuchukua karatasi. Ulikuwa na wateja wa kutoa nakala wamejaa mpaka nje. Ukanipa karatasi, kisha ukanishika mkono. Ukasema, "Baba, mbona waliotokea ni wachache hivi? Nataka niangalie tena."

Nikaisoma. Lilikuwepo jina la Gwasa. Yalikuwepo majina ya wale wa harusini. Na mengine hakuna. Mwanangu, mimi nililisimamia lile shamba toka siku ya kwanza. Nilijua nani alilima na nani alipalilia na nani alibeba maji kutoka bondeni. Sikuhitaji programu wala karatasi kujua kwamba ile orodha ni ya uongo. Macho yangu yalikuwa yanajua. Nikakuambia, "Waliofanya kazi ndio hawa. Tunachelewa." Nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu silipendi. Nilifurahi. Watu wangu wote walikuwemo, na sikuwa nimeiba. Kama ningewapendelea kwa mkono wangu ningeogopa. Lakini mashine ilikuwa imenipendelea yenyewe, na mimi nikaona nina haki ya kunyamaza.

Kijijini watu walikuwa wameshakusanyika penye kivuli, pingili zimefungwa mafungu mafungu. Nikasoma majina. Nilipomaliza, watu wakatazamana. Mwenyekiti akauliza, "Basi?" Nikasema basi. Wakaanza kunung'unika, na mimi nikalitoa lile neno nililokuwa nimelitunga njiani juu ya baiskeli: "Mashine haina ndugu."

Wakanyamaza kweli. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo. Wangenyamaza hivyo mbele ya karatasi ya penseli? Wangenikaba. Lakini niliposema mashine, wazee wazima wakainamisha vichwa.

Ni Mama Bukuru tu aliyesogea mbele. Mjane yule, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ambaye wewe na Bukuru wake mlisoma dawati moja. Alikuja nchini akiwa msichana, akitembea kwa miguu na wazazi wake kutoka Burundi, akazalia hapa, akapewa uraia hapa, cheti chake amekifunga kwenye nailoni juu ya dari. Alikuwa na kamba ya mgomba mkononi, amekuja nayo kufungia mzigo wake.

"Baba Jeneroza," akasema, "angalia tena. Si wewe uliyenipimia mstari wangu wa kupalilia? Ule wa karibu na kichuguu?"

Nilimpimia. Tena nilimpa mrefu, na hakulalamika.

Nikamjibu, "Mama, hapa haumo. Labda uliandikwa kwenu, Burundi."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Gwasa akadakia, "Mtafutieni daftari la Ruyigi, kwao huko!" Kicheko kikaongezeka, na mimi nikacheka pia. Niliona ule mzigo wa macho ya watu umehama kutoka kwangu umeenda kwake, na nikaona nafuu.

Mama Bukuru akasema, "Haya." Akaizungusha ile kamba kwenye vidole vyake, akaikunja vizuri kama mtu anayeweka akiba, akaondoka.

Siku ya tatu ukanipigia simu. "Baba, njoo dukani. Njoo sasa." Nikafikiri umeugua. Nilikukuta umekaa mbele ya kompyuta, macho mekundu. Ukaniambia nikae. Ukaandika neno moja, Odeta, jina la Mama Bukuru la kwenye vyeti.

"Lina herufi ngapi, Baba?"

Nikahesabu kwa kidole. Tano.

"Sasa tazama. Hili nimelitoa kwenye orodha yangu." Ukabonyeza, mashine ikaandika tano. "Na hili nimelitoa kwenye orodha ya bwana shamba." Ukabonyeza tena. Mashine ikaandika sita.

"Ya sita iko wapi?" nikauliza.

"Ipo mwishoni. Haionekani."

Ukanieleza taratibu, kama ninavyokumbuka nilivyokueleza wewe ukiwa mdogo. Kwamba mstari ukiisha, kompyuta huweka alama ya kusema hapa ndipo mwisho, shuka chini. Jicho haliioni, lakini ipo kama herufi nyingine yoyote. Kwamba kompyuta ya bwana shamba huweka alama mbili kila mwisho wa mstari, na ile kuukuu ya dukani, yenye mfumo wa bure, huweka moja. Programu yako ilikuwa na amri ya kuondoa alama ya mwisho kabla ya kulinganisha, lakini iliondoa moja tu, kwa kuwa moja ndiyo iliyoijua. Ya pili ikabaki imening'inia kwenye kila jina alilochapa bwana shamba. Kwa hiyo mashine ilitazama Odeta wa huku na Odeta wa kule mwenye mkia, ikasema hawa ni watu wawili. Wale uliowachapa mwenyewe ndio tu waliolingana.

Mimi nilielewa upesi, kwa sababu ya matofali. Nilikufundisha ukiwa hujaanza hata shule: ukinyanyua kibao cha kufyatulia, kwenye kona ya tofali hubaki ulimi wa udongo. Likiwa bichi huuoni ubaya wake. Ukikauka nao, tofali halikai juu ya mwenzake, ukuta unacheza. Ulikuwa unapita na vidole vyako vidogo ukiutoa, tofali moja moja, ukiimba.

Nikakuambia, "Si uutoe tu huo ulimi?"

Ukasema ulishajaribu, na mara ya kwanza uliharibu zaidi. Uliiambia programu ikate kitu cha mwisho kwenye kila mstari, chochote kiwacho. Kwa majina ya bwana shamba ikakata mkia, vizuri kabisa. Lakini ya kina Gwasa hayakuwa na mkia, basi ikakata herufi yenyewe. Ukanionyesha: Gwasa amekuwa Gwas.

Nakumbuka nilivyoruka. "Umemkata mjomba wako!" Ukacheka, kidogo, kwa mara ya mwisho mbele yangu. Ukasema, "Ndiyo maana nimebadilisha, Baba. Sasa inauliza kwanza. Kama mwishoni kuna hizo alama, moja au mbili, inaziondoa. Kama hakuna, inaliacha jina kama lilivyo." Ukaiendesha tena. Majina yakaanza kushuka, yanashuka tu, kijiji kizima. Odeta alikuwemo. Ukaweka mkono mdomoni ukalia.

Ningekuwa baba wa kweli, saa ile ningekuambia chapa hiyo karatasi, panda kwenye baiskeli twende. Pingili zilikuwa bado kivulini, mbichi. Zingetosha wote.

Badala yake nikageuka nikatazama kama mwenye duka amesikia. Nikakuambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza kwanza. Wakijua kosa ni la programu watasema ni lako. Nani atakuandikia barua ya chuo? Mimi nakulinda wewe, mama."

Nilikuita mama nikikudanganya. Nilikuwa najilinda mimi. Kosa lako lilikuwa la mkia wa jina, na ulilitafuta mwenyewe mpaka ukalipata, huku unalia. La kwangu lilikuwa la kumcheka mjane mbele za watu, na hakuna aliyekuwa ananisaidia kulitafuta, wala sikutaka.

Ukanyamaza kwa ajili yangu wiki nzima. Najua ilivyokutafuna, hukuwa unakula. Gwasa na wenzake wakaongezewa mafungu yaliyobaki, mengine yakakaukia pale pale. Halafu kwenye mkutano wa kijiji ukasimama, msichana peke yako kati ya wanaume wenye makoti, ukasema kosa ni la programu yako, ukaeleza habari ya alama, ukasoma majina yote kutoka la kwanza mpaka la mwisho. Sauti ilitetemeka kwenye la Odeta, ukalirudia ili litoke sawasawa.

Mwenyekiti akakuuliza, "Baba yako alijua?"

Ukanitazama. Ulisema, "Muulizeni yeye, yupo."

Ulinipa nafasi, Jeneroza. Nimelifikiria neno lako hilo nikibeba udongo, nikichota maji, nikilala. Ulinifungulia mlango ukaushikilia. Na mimi nikasimama, nikavua kofia, nikasema, "Sikujua. Mimi darasa la tano, mambo ya kompyuta ningeyajuaje?"

Wakaniamini! Wakanionea huruma hata. Mzee mmoja akasema watoto wa siku hizi wanawaponza wazazi wao. Ukakaa chini. Baada ya hapo ukawa unanisalimia tu, "Shikamoo, Baba," asubuhi na jioni, na katikati hakuna neno. Ndipo nikasema naenda kutafuta kibarua. Kibarua kilikuwepo Kibondo. Nilikuja mpaka Makere kwa sababu huku hakuna anayeijua sauti yangu.

Matofali hapa hayaishi kutakiwa. Toka watu walipoanza kuja tena kutoka Burundi mwaka huu, malori yanapita mbele ya tanuru yamejaa mama na watoto na magodoro, yanaelekea kambi ya wakimbizi. Mwezi uliopita tulipeleka matofali kule ndani. Tukiwa tunashusha, nikaona foleni ya mgawo. Mama mmoja amefika mbele, mtoto mgongoni, na kijana mwenye kompyuta akatafuta jina lake asilione. Nikaacha kushusha. Nilijua kinachofuata, nilikingoja kama mtu anayengoja kofi. Yule kijana akamwambia, kwa Kiswahili chao kile cha kambini chenye kuvutavuta, "Pole, mama. Subiri kidogo, tutatafuta tena."

Basi. Akamvutia benchi akae.

Maneno machache hivyo, mwanangu. Ningeweza kuyasema. Hayahitaji darasa la tano wala la kumi. Nilibeba matofali yangu nikageuza uso kwenye lori, na wenzangu wakanitania, "Mzee, vumbi limekuingia?" Nikasema vumbi.

Mama yako ananiambia Mama Bukuru amechimba muhogo wake mwezi huu. Alipanda mbegu ya zamani, kwa kuwa mpya hakuipata. Umeoza ndani, anakatakata anatupa, anabakiza vipande vidogo vya kuchanganya na maharage. Na juzi, mama yako anasema, alikuja nyumbani kukuaga akiwa na kikapu cha karanga. Akauliza, "Baba yake anaendeleaje huko?" Mama yako hajui kwa nini nilikata simu ghafla.

Mwanzoni nilikuwa nimeandika hapa nikikuomba uitume barua hii kwa mwenyekiti kabla hujapanda basi, aisome mkutanoni. Nimeufuta mstari huo, utaona nilivyoukwaruza. Ulishawahi kusimama mara moja mahali palipokuwa pangu. Isome mwenyewe, halafu ifanye utakavyo.

Huko chuoni watakufundisha mambo makubwa kuliko kukata mikia. Mimi siyajui, siwezi kukushauri. Ninachokijua ni kile nilichokiona usoni pako siku ile mashine ilipoandika sita: ulitamani kujua, hata kama jibu lingekuwa ni wewe. Mimi nilikuwa na umri mara mbili ya wako na sikuwa nacho. Sijui mtu anakipata wapi. Kwangu hukukipata.

Na ukikosea, maana utakosea, usilikate tu kosa ili lionekane fupi. Mimi nilijaribu kulikata neno langu la siku ile likawa dogo: ilikuwa utani, Gwasa alizidisha, kila mtu alicheka. Kila nilipokata nilipunguza kipande cha Mama Bukuru, si cha kosa langu.

Tanuru hili litawashwa kesho. Likishaungua na kupoa nitalipwa sehemu yangu. Mtu mmoja wa hapa Makere ana shamba la mbegu ile ile, safi. Nimemlimia siku za Jumapili, na malipo nimeomba pingili. Nimezifunga fungu moja, nimezisimamisha kivulini, nazilowesha. Najua fungu moja halirudishi mwaka mzima wa muhogo.

Mama yako anasema mkutano wa kijiji wa kabla ya mvua ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Wewe utakuwa Dodoma, kiti chako kitakuwa kitupu, na nimeona hivyo ni sawa, ili nisiseme kwa sababu unanitazama. Nitashukia njia panda Ijumaa jioni, nianzie ng'ambo ya kijito na lile fungu, kisha ndiyo niende nyumbani. Jumamosi nitavua kofia na kumwomba mwenyekiti aniulize tena lile swali.

Baba yako